Saumu kwenye Matangi ya Hidrojeni

Roketi ile imestaafu sasa. Binti yangu aliniambia kwa neno hilohilo, imestaafu, kama mtu anayesema habari za mwalimu aliyefikisha umri wake, nami nikasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa hata mama yake akatoka jikoni kuuliza nani amejifungua.

Huyu binti ni wa tatu kati ya watoto wetu. Alizaliwa hapa Kasongo, katika nyumba hii ninamoandikia. Nilimfundisha mwenyewe kusoma Kurani, na masista wakamfundisha hesabu. Kutoka hapo alikwenda Lubumbashi kusomea mashine za baridi, zile za friji na vyumba vya kuhifadhia nyama, na mimi nikawa na matumaini madogo tu: atarudi, atafungua chumba cha barafu pale sokoni, samaki wa Lualaba hawatakuwa wakioza njiani kutoka Nyangwe. Mungu alipanga vingine. Alipata nafasi ya kusoma Ufaransa, na baada ya hapo kampuni moja ya gesi ikampeleka Guyane, ng'ambo ya bahari, kwenye kiwanja ambako Wazungu wanarushia roketi zao.

Hapo alikuta roketi kubwa, ya tano katika ukoo wake. Ilikuwa na mitungi miwili mikubwa ya baruti ubavuni, na katikati tangi refu lenye hidrojeni iliyopoozwa mpaka ikawa maji. Juu kabisa, kipande cha mwisho kilichosukuma mzigo nacho kilikunywa hidrojeni. Kazi ya binti yangu ilikuwa hiyo hidrojeni: mabomba yake, vali zake, kuijaza, na safari ikiahirishwa, kuiondoa tena.

Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu, akanieleza. Alisema baridi yake haina mfano hapa duniani, hata hewa tunayovuta ingeganda ikiigusa. Haina harufu, haina rangi. Ikivuja huijui kwa pua. Ikishika moto mchana, moto wake karibu hauonekani. Zamani, alisema, wafanyakazi wa mahali kama pale waliwahi kutembea na ufagio wameutanguliza mbele, na ufagio ukianza kuwaka ndipo wanajua moto uko hapo. Siku hizi kuna vyombo vya kupima. Alinieleza habari ya ufagio akicheka. Mimi sikucheka, na mama yake sikumwambia.

Tangu siku hiyo maisha ya roketi yale yakawa sehemu ya maisha yangu. Nilisoma na kuuliza. Nilijua kwamba safari yake ya kwanza kabisa ilivunjika angani kabla ya dakika moja kutimia, na kwamba baadaye, walipoiongezea nguvu, ilianguka tena. Kisha ikatulia, miaka juu ya miaka, safari moja baada ya nyingine, mara nyingi ikibeba satelaiti mbili kwa pamoja. Masahani yaliyo juu ya mabati ya wenye maduka wa hapa mjini yanatazama juu kwenye satelaiti za namna hiyo, na bila shaka baadhi zilipandishwa na roketi ile. Siku ya Noeli moja ilipandisha ile darubini kubwa ya kutazamia nyota za mbali. Majirani zetu Wakatoliki walikuwa wakipiga ngoma, nami nilikuwa nimekaa barazani na redio ndogo sikioni, nikingoja kusikia kwamba imeondoka na kwamba hakuna mtu aliyeumia.

Kitu kimoja kilichukua muda kuniingia akilini: roketi haikuwa moja. Kila safari ilikuwa na chuma kipya, na kila chuma kiliishia baharini au angani. Jina tu ndilo lililobaki, na watu. Kwa hiyo nilipowaombea, niliwaombea watu. Rakaa mbili kila safari.

Sasa nieleze ile Ramadhani.

Ilikuwa Ramadhani ya mwisho ya roketi ile. Zilibaki safari mbili tu, kisha ingepumzishwa. Safari iliyokuwa mbele ilikuwa ya kupeleka chombo kwenye sayari ya Mushtari, kikatazame miezi yake. Nilipenda sana habari hiyo, maana jina la Mushtari nililijua tangu nikiwa kijana, kwenye vitabu vya mwalimu wangu.

Jumatano baada ya futari binti yangu akapiga simu.

"Baba, nina swali la dini."

"Sema, mama." Sisi huku binti tunamwita mama.

"Kesho ni siku ya kurusha. Nitakuwa kazini usiku kucha, na chakula hakiingii kule ndani, kwa hiyo daku sitapata. Wakiahirisha, tutaanza kuondoa hidrojeni, na hapo ni mpaka mchana, kwenye jua, ndani ya mavazi mazito. Nifunge au nisifunge?"

"Wenzako Waislamu wanafanya nini?"

"Wako wawili. Mmoja anafunga, mmoja anasema yuko safarini, ana ruhusa ya kula. Mimi sitaki ya kwao, nataka yako."

Nilimwambia angoje mpaka asubuhi.

Ni lazima nieleze kwa nini, maana msomaji wa mbali atadhani nilikuwa mzembe. Mwalimu aliyetufundisha, Mungu amrehemu, hakujibu swali la dini siku lilipoulizwa. Alisema swali lilale usiku mmoja. Alfajiri ndipo anajibu. Akishajibu, habadilishi. Sisi wanafunzi wake wote wa Kasongo tumeshika njia hiyo, na watu wamezoea. Wanakuja jioni na swali na kurudi asubuhi kuchukua jibu. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Maswali yetu ni ya mirathi, ya eda, ya mbuzi aliyechinjwa na mtu asiyejulikana. Yanaweza kulala.

Usiku ule nilitazama vitabu viwili na nikaomba. Baada ya swala ya alfajiri jibu lilikuwa tayari moyoni: mfungaji huweka nia, na mwili ukilegea anakunywa; lakini kwa kuwa kosa la mkono wake linaweza kuwaua wengine, asingoje mpaka alegee. Kwa siku hiyo ale. Atalipa baadaye.

Nikachukua simu. Hakukuwa na rezo, mtandao wa simu, hata kidogo.

"Antene imekufa tangu usiku," jirani aliniambia kutoka upande wa pili wa ua. "Mazuti ya jenereta yake imeisha. Gari inayoileta iko kwenye matope, sijui wapi kule."

"Itarudi lini?"

"Gari ikitoka kwenye matope, Shehe."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Habari yote alikuwa ameisikia jana, kuta zetu hazifichi kitu.

"Wewe na swali lako la kulala," alisema. "Mtoto anauliza anywe maji, baba yake anamfungulia kitabu."

"Nilitaka nimjibu sawasawa."

"Haya, mjibu sasa. Paza sauti, labda atasikia."

Nilijua binti yangu. Bila neno langu angefunga. Si kwa kuogopa. Ni heshima tu, aliyolelewa nayo hapa nyumbani. Nilimwona ndani ya mavazi yale mazito, kichwa kinazunguka, mkono uko kwenye vali, na mbele yake moto usioonekana.

Rezo ya karibu niliyoijua ilikuwa Lusangi. Kule, kwa sababu ya dhahabu, mama mmoja mwenye duka ameweka sahani ya satelaiti yake mwenyewe, haitegemei antene ya mtu. Nikatafuta pikipiki.

Dereva alikuwa kijana wa kutoka upande wa Uvira, aliyekuja kutafuta dhahabu Salamabila, hakuipata, akanunua pikipiki. Msalaba mdogo ulining'inia kwenye usukani wake.

"Papa Shehe, nawe unaenda kuchimba?"

"Nikipata, nitakupa nusu."

"Nusu yako ni mimi nitakuwa nimeibeba mgongoni. Panda, shika vizuri, kule mbele barabara iko mbaya."

Ilikuwa mbaya kweli. Mvua za msimu zilikuwa zimekata njia vipande vipande. Mara tatu nne tulishuka na kusukuma, na mara moja nikateleza nikakaa kwenye tope mpaka kiunoni, kanzu yangu ikabadilika rangi. Kijana akanivuta, akatoa chupa ya maji.

"Kunywa, Papa. Nyinyi safarini muko na ruhusa, si ndiyo?"

"Ruhusa iko."

"Basi?"

"Bado nina nguvu."

Alikuwa ameshaniuliza safari yangu ni ya nini, nikamweleza. Akanitazama kwa jicho moja, lingine lilikuwa limejaa tope. "Hapo sielewi. Unakwenda mbio kumwambia mtoto anywe maji, na wewe mwenyewe huyataki."

"Mimi nikianguka, naangukia tope. Umeona."

Alicheka sana, akapiga honi bila sababu, tukaondoka.

Tulifika Lusangi wakati wa adhuhuri. Mama mwenye duka ni Mprotestanti wa kutoka Bukavu, mjane, ananunua dhahabu kwa wachimbaji na kuwauzia sukari, majembe na betri. Alinikuta mlangoni na kanzu ile, akaniletea maji ya kunawa kabla ya kuniuliza jina. Nilipomweleza, alichukua simu yangu mwenyewe, akaiunganisha na sahani yake, akanirudishia.

"Ongea, Papa. Ongea taratibu, usikie na wewe unachosema."

Nikatuma sauti yangu. Nilisema jibu lote bila kulipamba. Zikatokea alama mbili za kijivu.

"Imefika kwenye simu yake," mama alisema. "Zikigeuka buluu ndipo amesikia."

Hazikugeuka. Ndipo nikakumbuka alichoniambia zamani: karibu na hidrojeni hakuna anayeruhusiwa kuingia na simu. Simu yake ilikuwa kwenye sanduku nje, na yeye ndani, tangu usiku. Nilikuwa nimevuka tope lote lile kuliambia sanduku.

Mama mwenye duka, Mungu ambariki, alifungua simu yake kubwa, akatafuta mahali ambapo kurushwa kule kulionyeshwa moja kwa moja, akaiegemeza kwenye mfuko wa chumvi. Wachimbaji wawili waliokuja kununua betri wakabaki. Dereva wangu naye akaingia, akakaa juu ya kreti.

Hapo nikaiona. Nyeupe, imesimama katikati ya mnara na miti ya kijani kama yetu, mvuke mwembamba unatoka ubavuni. Saa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma. Kwetu ilikuwa inakaribia saa nane na robo mchana, kwao asubuhi.

"Huyo binti yako yuko ndani ya hiyo?" mchimbaji mmoja aliuliza.

"Yuko karibu nayo. Anaijaza."

"Anaijaza nini?"

"Hidrojeni. Ni gesi."

"Kama ya kupikia?"

"Kali kuliko hiyo."

"Na amefunga?" Alikuwa Mwislamu, nilimtambua kwa namna alivyouliza. Nikatikisa kichwa, sijui kwa ndiyo au kwa hapana.

Saa ikasimama. Maandishi mekundu yakatokea. Mtu kwenye simu akaanza kusema Kifaransa cha haraka ambacho masikio yangu, kwa hofu, hayakukamata hata neno. Niliona roketi imesimama vilevile na mvuke wake, na bado nilikuwa na hakika kwamba kitu kimempata mtoto wangu.

"Nini?" nilisema. "Wanasema nini?"

"Ngoja, Papa." Mama alikuwa ameinamisha sikio. "Wamesimamisha. Radi. Wanaogopa radi, mawingu si mazuri. Watajaribu kesho."

Dereva akapiga makofi. "Basi imekwisha! Mtoto anatoka, anaenda kulala."

Nilitamani iwe hivyo. Lakini nilijua alivyonieleza: ikiahirishwa, hidrojeni yote inatolewa tena, na hiyo ndiyo kazi ndefu, mpaka mchana, juani. Saa niliyokuwa nikiiogopa ilikuwa inaanza sasa, na yeye hajalala, hajala tangu jana, na jibu langu liko ndani ya sanduku.

Nilikwenda nyuma ya duka nikaswali. Niliporudi alama zilikuwa za kijivu. Nilisoma Yasini. Za kijivu. Wachimbaji waliondoka, wengine wakaja, na kila aliyeingia mama alimweleza upya, akinionyesha kwa kidevu, mpaka nikaona duka zima linatazama simu yangu. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua mawese aliuliza kama zimegeuka kabla hajauliza bei. Alasiri ikaingia, nikaswali tena, na katika sijda sikuwa na maneno mengine ila "mtoto wangu, mtoto wangu," ambayo sikufundishwa na mwalimu yeyote.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya kilima cha wachimbaji dereva aliposema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kama anayo, "Papa. Buluu."

Kisha sauti yake ikaja.

"Asalam aleikum, Baba. Nimekusikia. Nilifunga, jibu lilikuwa halijafika. Tulipoanza kuondoa hidrojeni nilisoma geji moja mara mbili, nikapata namba mbili. Nikaisoma tena, nikapata ya tatu. Nikamwambia mkuu wangu, leo macho yangu usiyaamini, weka mtu mwingine hapa. Akanitoa nje mara moja, hakunigombeza. Nimekaa kivulini nikachukua simu ili nione saa ya kuswali, nikakuta sauti yako. Baba, nimekunywa. Nimekunywa chupa nzima, ninyamazie kidogo nipumue."

Niliilaza simu juu ya mfuko wa chumvi, apumue.

"Namba tatu," mama mwenye duka alisema, akakaa. "Yesu."

Dereva akauliza sasa na mimi nitakunywa? Nikamwambia jua bado liko. Mama akainuka, akasema basi yeye anapika, na kama dini yangu inakataza maharagwe ya Mprotestanti niseme mapema. Nilifuturu pale kwa wali wa Kasongo na maharagwe yake, na kijana wa Uvira akala mara mbili ya kile nilichokula mimi.

Sikurudi siku ile. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliswali na wachimbaji katika msikiti wao wa mbao, halafu tukarudi dukani, safari hii tukiwa wengi. Binti yangu alikuwa ameshaniandikia kabla ya kuingia ndani: amelala, amekula mayai na mkate, anakwenda. Saa ikahesabu, haikusimama. Roketi ikawaka chini, ikainuka juu ya moshi mweupe, ikaingia mawinguni upesi kuliko nilivyotarajia, na ikabaki sauti tu. Watu dukani walishangilia. Mimi nilingoja mpaka alipoandika kwamba ametoka na yuko nje ya uzio. Chombo kile bado kiko njiani kwenda Mushtari, kitafika baada ya miaka mingi, na kama nitakuwapo au sitakuwapo ni kwa Mola wangu.

Roketi ile iliruka mara moja zaidi, miezi michache baadaye, ikapumzishwa. Ndipo niliposema ile alhamdulillahi. Lakini wamejenga nyingine, ya sita, nayo inakunywa hidrojeni, na binti yangu ameshahamishiwa kwenye mabomba yake. Kwa hiyo rakaa mbili zinaendelea.

Kitu kimoja nimekibadilisha. Swali la mirathi bado linalala kwangu usiku mmoja, lakini mtu akija na swali la maji na mwili, la mgonjwa, la mwenye mimba, la mchimbaji anayeshuka shimoni, namjibu akiwa amesimama. Wenzangu waliosoma pamoja nami hawakupenda. Mmoja aliniambia nimeacha njia ya mwalimu. Nilimwomba anisamehe, na nikaendelea.

Siku mbili alizokula, binti yangu alizilipa baada ya safari ile ya mwisho, kazi ilipopungua. Nilimwambia nitafunga naye. Akasema mimi sidaiwi kitu, nikamwambia najua.

Guyane iko nyuma yetu kwa saa tano. Siku ya kwanza, magharibi ilipoingia Kasongo, alinipigia, na kwao ilikuwa mchana mkali. Mama yake alikuwa ameweka uji wa mchele mbele yangu. Niliona aibu kuugusa.

"Baba, adhana imetoka huko?"

"Imetoka."

"Unangoja nini?"

"Wewe bado una mchana mzima."

"Kula, Baba. Si ni wewe uliyenifundisha kwamba sunna ni kuharakisha futari? Kula, niko sawa, leo niko ofisini, nimekaa."

"Umekaa wapi? Kwenye kiti?"

"Kwenye kiti. Kuna feni. Mama, mwambie ale."

"Kula," mke wangu alisema, akasukuma bakuli.

Nikala, na binti yangu hakukata simu mpaka aliposikia kijiko kinagonga chini ya bakuli.